Kwaheri Roger! Kwani Kumlilia Mchezaji ni Ujinga?

Hebu fikiria picha hii, msomaji. Wanaume wawili wamekaa kwenye benchi, bega kwa bega. Mmoja ana miaka 41, mwingine 36. Wote ni matajiri, wote wanajulikana dunia nzima, na kwa miaka mingi walikuwa wapinzani wakubwa uwanjani. Sasa wanalia. Tena si machozi ya kujifichaficha, wanalia kwelikweli. Kwa muda kidogo mkono wa mmoja umeushika mkono wa mwenzake.

Hii si sinema. Ilitokea London, Uingereza, usiku wa Ijumaa tarehe 23 Septemba 2022, katika ukumbi wa O2. Yule wa miaka 41 ni Roger Federer wa Uswisi, mchezaji wa tenisi, ambaye alikuwa ametoka kucheza mchezo wake wa mwisho. Mwenzake ni Rafael Nadal wa Hispania. Kuwazunguka, maelfu ya mashabiki wamesimama wanapiga makofi, na wengi wao nao wanafuta machozi.

Sasa wewe unaweza kusema: "Aa, mambo gani hayo? Mtu hajafa, ana hela zake, anakwenda kupumzika na watoto wake. Analiliwa nini?" Swali lako ni zuri. Tutalijibu hapa, maana ndani yake kuna jambo linalomgusa kila kijana, hata yule ambaye hajawahi kushika raketi. Jambo hilo ni kuagana.

HUYU FEDERER NI NANI HASA?

Roger Federer alizaliwa Basel, Uswisi, tarehe 8 Agosti 1981. Baba yake ni Mswisi na mama yake alizaliwa Afrika Kusini. Alipokuwa mdogo alikuwa mmoja wa watoto wa kuokota mipira kwenye mashindano ya mji wake. Yaani alianza kwa kukimbilia mipira ya wakubwa!

Mwaka 1998 akaanza kucheza kama mchezaji wa kulipwa. Katika tenisi kuna mashindano manne makubwa kila mwaka: Australian Open, French Open, Wimbledon na US Open. Federer alitwaa mataji 20 ya mashindano hayo, 8 kati yake yakiwa ya Wimbledon. Alikaa namba moja duniani kwa jumla ya wiki 310, na kati ya hizo wiki 237 zilikuwa mfululizo, bila mtu kumshusha.

Lakini mashabiki hawakumpenda kwa vikombe tu. Walipenda jinsi alivyocheza, kwa wepesi, kama mtu asiyetoka jasho. Tarehe 7 Februari 2020 alicheza na Nadal mjini Cape Town, katika nchi aliyozaliwa mama yake, ili kuchangisha fedha za elimu ya watoto. Watu 51,954 walikuja kuwatazama, idadi ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana kwenye mchezo wa tenisi. Wachache sana miongoni mwao walijua kwamba goti la kulia la mtu waliyekuwa wakimshangilia lilikuwa linakaribia kufika mwisho.

GOTI LILIPOSEMA BASI

Mwezi huohuo wa Februari 2020 Federer alifanyiwa upasuaji wa goti hilo. Halikutengemaa, akapasuliwa tena mwaka huohuo. Mwaka 2021 akarudi uwanjani, akafika robo fainali ya Wimbledon, na hapo akafungwa na Hubert Hurkacz wa Poland. Seti ya mwisho ilikuwa 6-0. Mashabiki wake walikuwa hawajazoea kuona kitu kama hicho. Agosti 2021 akapasuliwa mara ya tatu.

Kwani goti lina nini hata limshinde mtu mwenye madaktari bora duniani? Sikiliza. Kati ya mfupa wa paja na mfupa wa ugoko kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga. Kazi yake ni kama springi za gari: kupunguza kishindo kila unapokanyaga, unaporuka na unapogeuka ghafla. Sehemu kubwa ya gegedu hizo hupata damu kidogo sana. Ndiyo maana zikichanika haziponi upesi kama kidonda cha ngozi. Na mchezaji wa tenisi anageuka ghafla mara ngapi kwa siku? Hesabu mwenyewe, kisha zidisha kwa miaka 24.

Tarehe 15 Septemba 2022 Federer aliwatangazia mashabiki kwamba anaacha. Alisema ana miaka 41, amecheza michezo zaidi ya 1,500 katika miaka 24, na mwili wake umempa ujumbe ulio wazi. Angalia maneno hayo, ewe unayecheza mpira wa miguu au netiboli. Mwili una lugha yake. Goti likivimba, likikwama, au likilegea unapokanyaga, usifunge kitambaa ukarudi uwanjani eti kwa sababu timu inakutegemea. Nenda kituo cha afya.

KWAHERI YENYEWE ILIVYOKUWA

Kati ya tangazo na mchezo wa mwisho zilipita siku nane. Goti halikumruhusu kucheza peke yake, akachagua kucheza wawili wawili katika mashindano ya Laver Cup. Na mwenzake alimtaka nani? Nadal! Mtu waliyekutana mara 40 uwanjani, na ambaye alikuwa amemfunga mara 24.

Walicheza na Jack Sock na Frances Tiafoe wa Marekani hadi saa sita usiku ikapita. Je, Federer alishinda mchezo wake wa mwisho? Hapana, walifungwa. Seti ya kwanza walichukua wao, 6-4, ya pili ikawaponyoka 6-7, na ile ya kuamua wakapoteza kwa pointi 9 dhidi ya 11.

Pamoja na hayo, hakuna aliyeondoka ukumbini. Wachezaji wenzake walimbeba juu juu. Mke wake Mirka, watoto wao wanne na wazazi wake walishuka uwanjani kumkumbatia. Akizungumza huku sauti inakatika, Federer alisema kwamba ana furaha, hana huzuni. Alimshukuru mke wake, ambaye angeweza kumwambia aache tangu zamani lakini akamwacha aendelee. Mashabiki wakapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Unaona? Mtu anasema ana furaha, na machozi yanamtoka. Hakuna uongo hapo. Moyo wa binadamu unaweza kubeba vyote viwili kwa wakati mmoja.

MBONA MASHABIKI NAO WALILIA?

Hapa ndipo wengi wanaposhangaa. Federer analia, sawa, ni kazi yake inakwisha. Nadal analia, sawa, ni rafiki yake. Lakini shabiki aliyekaa juu kabisa, ambaye Federer hamjui hata kwa sura, analia nini?

Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu uhusiano unaojengeka kati ya mtazamaji na mtu anayemwona mara kwa mara kwenye televisheni. Ni uhusiano wa upande mmoja: wewe unamjua, yeye hakujui. Lakini hisia zilizo upande wako si za kuigiza. Umemwona akishinda, akifungwa, akioa, akilea watoto. Akili yako imemzoea kama inavyomzoea jirani.

Kwa hiyo anapoaga, shabiki hupoteza vitu vitatu.

Kwanza, hupoteza mazoea. Kila mwezi Julai alijua kuna Wimbledon na kuna Roger. Julai ijayo itakuja, Roger hayupo.

Pili, huogopa kupoteza wenzake. Kuna baba na binti ambao kitu kilichowakutanisha sebuleni ni tenisi. Kuna marafiki waliojuana kwa kubishana, huyu wa Federer, yule wa Nadal. Mchezaji akiondoka, mtu hujiuliza: sasa tutaongea nini?

Tatu, na hili ndilo zito, hupoteza kipande cha umri wake. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 Federer alipotwaa Wimbledon kwa mara ya kwanza mwaka 2003 alikuwa na miaka 31 siku ya kuagana. Shule, mapenzi ya kwanza, kazi ya kwanza, pengine na misiba, vyote vilipita Federer akiwa uwanjani. Anapolia, anaulilia pia ujana wake. Nadal mwenyewe alisema baada ya mchezo ule kwamba Roger anapoondoka, sehemu muhimu ya maisha yake yeye Nadal inaondoka pia. Shabiki wa kule juu angeweza kusema maneno hayohayo.

Basi, si ujinga hata kidogo. Ni majonzi, na majonzi hayasubiri mpaka mtu afe. Huja kila tunapopoteza kitu tulichokipenda.

ETI MWANAUME HALII?

Vijana wa kiume, hapa naongea na nyinyi. Tangu mkiwa wadogo mmeambiwa: "Nyamaza, unalia kama mtoto wa kike!" Mmeyaamini maneno hayo, na dada zenu nao wameyaamini, wakimwona kijana analia wanamcheka.

Macho ya binadamu hutoa machozi ya aina tatu. Kuna ya kulilainisha jicho muda wote, kuna ya kuliosha linapoingiwa na moshi au linapowashwa na kitunguu, na kuna ya hisia. Macho ya mvulana na ya msichana yote hutengenezwa hivyohivyo. Watu wengi husema hujisikia wepesi baada ya kulia, hasa wakiwa na mtu wa kuwafariji. Si kila mtu na si kila mara, lakini kulia siyo ugonjwa wala udhaifu.

Federer huyu huyu alilia mbele ya dunia nzima mjini Melbourne mwaka 2009, alipofungwa na Nadal kwenye fainali ya Australian Open. Nadal akaenda kumkumbatia. Je, baada ya hapo Federer akawa mnyonge? Wapi! Mwaka uleule alitwaa French Open na Wimbledon.

Kinachodhuru ni kumeza. Kijana anayemeza huzuni haiishi, hutafuta mlango mwingine wa kutokea: ugomvi, kukosa usingizi, pombe, bangi. Utamsikia anasema "mimi niko poa tu," na kumbe ndani anaungua.

KWAHERI AMBAYO HAKUIPATA

Kuna sehemu ya maisha ya Federer inayoonyesha ni kwa nini usiku ule wa London ulikuwa na thamani kubwa. Alipokuwa mtoto alikuwa na kocha Mwaustralia, Peter Carter, aliyemfundisha pale Basel. Federer alikuwa kijana mwenye hasira, akifungwa anavunja raketi. Carter alimvumilia, akamlea kimchezo.

Agosti 2002 Carter alikufa katika ajali ya gari akiwa matembezini Afrika Kusini. Federer alikuwa anakaribia kutimiza miaka 21. Hapakuwa na mchezo wa mwisho, hapakuwa na makofi, wala nafasi ya kusema asante. Chini ya mwaka mmoja baadaye alitwaa Wimbledon yake ya kwanza, na mwalimu wake hakuwepo kuiona.

Mwaka 2019, miaka zaidi ya 16 tangu msiba ule, mtangazaji wa televisheni alimuuliza kuhusu Carter. Federer alishindwa kuendelea, akalia. Miaka 16! Kwa hiyo usimwambie mwenzako aliyefiwa, "mbona mpaka leo hujasahau?" Majonzi hayana kalenda.

Lakini tazama pia alichofanya na majonzi hayo. Kwa miaka mingi aliwaalika wazazi wa Carter kuja kumtazama kwenye Australian Open, kwa gharama zake. Asante aliyoshindwa kumpa kocha aliipeleka kwa wazazi wake. Hiyo nayo ni njia ya kuaga, hata kama umechelewa.

WENGINE WALIAGAJE?

Usidhani kila mtu huaga kwa namna moja. Ashleigh Barty wa Australia aliacha tenisi Machi 2022, akiwa na miaka 25 tu na akiwa namba moja duniani, miezi miwili baada ya kutwaa taji la nchi yake. Hakuwa na goti bovu. Alisema hana tena nguvu na hamu ya kuendelea kujisukuma kufikia kiwango cha juu. Mashabiki walishtuka, maana hawakupata mchezo wa kumuaga. Lakini alikaa na rafiki yake mbele ya kamera, akaeleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini anaondoka. Kuelezwa kunasaidia. Anayeachwa bila maelezo hubaki anajilaumu au anabuni majibu yake.

Nadal naye zamu yake ilifika. Mchezo wake wa mwisho ulikuwa Novemba 2024 mjini Malaga, nchini kwake, na Hispania ikatolewa siku hiyo. Lakini mashabiki wa Paris, mji alikotwaa French Open mara 14, walipata nafasi yao tarehe 25 Mei 2025. Walivaa fulana za rangi ya udongo wa uwanja ule, zimeandikwa asante kwa Kifaransa. Na walioshuka uwanjani kumuaga ni akina nani? Wapinzani wake watatu, Federer, Novak Djokovic na Andy Murray. Alama ya unyayo wake ikawekwa pembeni mwa wavu. Miezi sita ilikuwa imepita, na bado kwaheri ile ilikuwa na maana.

NA WEWE UTAAGAJE?

Pengine hutalia kwa ajili ya Federer, sawa. Lakini rafiki yako atahamishwa shule. Mwalimu unayempenda atastaafu. Mpenzi atakuacha, au wewe utamwacha. Pengine ni wewe mwenyewe utaumia na kuambiwa usicheze tena. Mashabiki wa London na Paris wametuonyesha mambo ambayo hayagharimu hata senti:

1. Fika. Usikwepe siku ya kuagana kwa kuogopa kulia. Wengi hujuta kwa kutokwenda kuliko kwa kulia.

2. Taja unachoshukuru. "Asante kwa yote" ni nzuri, lakini "asante kwa siku ile uliyonisubiri nilipochelewa" mtu haisahau.

3. Agana mkiwa wengi, ikiwezekana. Huzuni ikigawanywa hupungua uzito.

4. Weka kumbukumbu. Picha, barua, fulana, hata wimbo mliokuwa mnaimba pamoja.

5. Usiruke haraka kwenda kwenye kitu kingine. Jipe siku kadhaa. Kula, lala, tembea, ongea na mtu.

6. Umekosa nafasi ya kuaga? Andika barua hata kama hutaituma, au nenda ukawasalimie nyumbani kwao, kama Federer alivyowakumbuka wazazi wa kocha wake.

MAJONZI YAKIZIDI

Huzuni ya kawaida huja na kuondoka kama mawimbi. Leo unalia, kesho unacheka, kesho kutwa unakumbuka tena. Hiyo ni afya.

Lakini zikipita wiki mbili na kila siku huna raha, hupati usingizi au unalala mno, chakula hakikupiti, vitu ulivyovipenda havikuvutii, na unajiona huna thamani, hapo inaweza kuwa sonona. Sonona ni ugonjwa na una matibabu. Mwambie mtu mzima unayemwamini, mzazi, shangazi, mjomba au mwalimu, na mwende pamoja kituo cha afya. Na kama mawazo ya kujidhuru yanakujia, usisubiri wiki mbili wala siku mbili. Mwambie mtu leo, usikae peke yako. Ukiwa wewe ndiye unayeambiwa, usicheke wala usihubiri. Msikilize, kaa naye, msindikize.

JADILINI KWENYE KLABU YENU

- Ni nani aliwahi kuondoka maishani mwako bila kuagana naye? Ungependa kumwambia nini?
- Kwa nini tunamruhusu msichana kulia na kumkataza mvulana? Nani anafaidika?
- Mchezaji wa timu yenu ameumia goti na hatacheza tena. Jumamosi ijayo mtamfanyia nini kabla mechi haijaanza?

Hilo swali la mwisho msiliache kwenye karatasi. Kama yupo mchezaji wa namna hiyo mtaani kwenu, mwiteni Jumamosi.